Nyumba Tatu Nje ya Mpaka wa Kijiji

Barua ya halmashauri inayokataa nyumba tatu kijijini Uingereza huwa na mambo yaleyale karibu kila mara. Kiwanja kiko nje ya mpaka wa kijiji. Wakazi watategemea magari. Mandhari ya mashamba itaharibika. Halafu, chini kabisa, huja sababu ya nne ambayo mwombaji huipitia haraka: hakuna hati iliyosainiwa inayohakikisha kwamba athari za maji machafu kwa mto uliohifadhiwa zitafidiwa. Mwombaji hukasirishwa na zile tatu za kwanza, huandika kurasa thelathini kuzipinga, na rufaa yake huangushwa na ile ya nne.

Nimekuwa nikisoma maamuzi ya rufaa za aina hii kwa miaka mingi, na hoja yangu ni moja. Rufaa ndogo ya kijijini hushinda pale mkata rufaa anapopunguza madhara, moja baada ya jingine, hadi mkaguzi akose cha kuweka upande wa kukataa. Kukuza faida hakusaidii sana, kwa sababu faida ya nyumba tatu ni ndogo na haitakua hata ukiipamba vipi. Anayelielewa hilo mapema hutumia fedha zake mahali tofauti kabisa.

Jambo hili linanigusa kwa sababu wanaoshindwa ni watu ambao vijiji vinawahitaji. Kamati ya Baraza la Malodi inayoshughulikia masuala ya ujenzi iliripoti mwaka 2022 kwamba wajenzi wadogo na wa kati walijenga asilimia 39 ya nyumba mpya mwaka 1988, na sasa wamebaki na asilimia 10 hivi. Fundi mwenye vibarua wanane hawezi kununua shamba zima na kulisubiri miaka kumi lipate kibali. Anachomudu ni pembe ya malisho nyuma ya nyumba za mwisho za kijiji. Kampuni kubwa ikikataliwa, hasara huingia kwenye vitabu na kazi inaendelea kwingine. Fundi huyu akikataliwa, amepoteza mwaka.

Tuelewane kwanza kuhusu utaratibu. Nikisema Uingereza hapa nina maana ya England peke yake. Wales, Uskoti na Ireland Kaskazini zina taratibu zao. Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya 1947, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1948, ilimwondolea mwenye ardhi haki ya kujenga apendavyo. Kuanzia hapo kila nyumba mpya ikawa inahitaji kibali. Mfano huohuo ndio ulioletwa kwetu na wakoloni: Zanzibar ilipata dikrii yake ya mipango ya miji na vijiji mwaka 1955, na Tanganyika sheria yake mwaka 1956. Leo haki ya rufaa ya Waingereza iko katika kifungu cha 78 cha Sheria ya 1990. Halmashauri ina wiki nane za kuamua ombi dogo, yaani la nyumba zisizofika kumi. Ikikataa, au ikinyamaza wiki hizo zikapita, mwombaji ana miezi sita ya kukata rufaa, na halipi ada. Shauri huenda kwa Ofisi ya Wakaguzi wa Mipango iliyoko Bristol, ambako mkaguzi mmoja, kwa niaba ya waziri, huliamua upya kana kwamba yeye ndiye halmashauri. Rufaa nyingi za nyumba chache huamuliwa kwa maandishi tu, mkaguzi akaenda kukiona kiwanja. Kwa ujumla hushinda takriban moja kati ya tatu.

Jirani asiyetaka nyumba hizo hana rufaa. Kibali kikitolewa, kinachobaki kwake ni kwenda Mahakama Kuu na kuthibitisha kwamba sheria ilikiukwa. Msomaji wa Kenya ataona tofauti: chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, hata mtu mwenye maslahi asiyekuwa mwombaji anaweza kwenda kwenye kamati ya rufaa ya kaunti, ila ana siku 14 tu. England imempa mwombaji muda mrefu na kumnyima jirani mlango. Matokeo yake ni kwamba vita vya jirani hupiganwa vyote mapema, kwenye kikao cha madiwani, na hapo ndipo rufaa nyingi zenye nguvu huzaliwa.

Maana yake ni hii. Afisa mipango wa halmashauri huandika ripoti na kupendekeza. Madiwani wanaweza kumkatalia. Chumba kikiwa kimejaa wanakijiji wenye mabango, madiwani hukataa ombi ambalo mtaalamu wao amesema likubaliwe. Ukiipata barua ya namna hiyo, isome pamoja na ripoti ya afisa, maana ripoti imeshajibu sababu zote zilizoandikwa kwenye barua. Halmashauri italazimika kutetea mbele ya mkaguzi kitu ambacho watu wake wenyewe hawakukiamini, na ikishindwa kuleta ushahidi inaweza kuamriwa kukulipa gharama zako. Lakini afisa mwenyewe akiwa ndiye aliyependekeza kukataa, tena kwa hoja zilizopangwa vizuri, fikiri mara mbili. Mara nyingi ombi jipya lililorekebishwa ni bora kuliko rufaa.

Sasa tuingie kwenye kiini, yaani mahali penyewe.

Kifungu cha 38(6) cha Sheria ya Mipango na Utwaaji wa Ardhi ya 2004 kinataka kila uamuzi ufuate mpango wa matumizi ya ardhi wa halmashauri, isipokuwa kuna mambo mengine ya msingi yanayoelekeza vinginevyo. Karibu kila mpango umechora mstari kuzunguka vijiji. Ndani ya mstari nyumba zinakubalika. Nje yake ni mashambani, na nyumba hazitakiwi ila za aina maalumu. Kiwanja cha fundi wetu kiko nje ya mstari kwa mita ishirini. Wengi huandika kwamba mstari umechorwa ovyo. Mkaguzi hana mamlaka ya kuuchora upya, kwa hiyo kurasa hizo ni za bure. Anachoweza kuamua ni madhara gani hasa yanatokea pale ambapo mstari umevukwa, na hilo ndilo la kumwandikia.

Hapa kesi ya Braintree ina thamani kubwa. Wajenzi waliomba nyumba mbili zisizo za ghorofa huko Blackmore End, kijiji kidogo cha Essex. Mkaguzi alizikubali, halmashauri ikaenda mahakamani. Mwongozo wa Taifa wa Sera za Mipango, ule unaofahamika kwa herufi NPPF, unaagiza halmashauri ziepuke nyumba zilizojitenga mashambani. Halmashauri ya Braintree ilidai kwamba nyumba iliyo mbali na duka na shule imejitenga, hata ikiwa na majirani pande zote. Mahakama ya Rufaa ilikataa mwezi Machi 2018. Nyumba imejitenga ikiwa imesimama mbali na makazi ya watu, na makazi hayo si lazima yawe na duka, wala hayana idadi ya chini ya nyumba. Vinyumba vichache kando ya njia panda vinaweza kutosha. Ni mkaguzi atakayeangalia na kuamua. Mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ilishikilia msimamo huo katika shauri la Bramshill, Hampshire.

Wapo walioipokea hukumu hiyo kama ufunguo wa kila mlango, nao wamepotea. Inaondoa dhara moja tu. Swali la magari linabaki, tena linabaki na nguvu zake zote. Na hapo ndipo napenda msomaji akae kidogo, kwa sababu ndipo pa kufanyia kazi ya kweli.

Chukulia kiwanja cha mfano. Kutoka langoni hadi kituo cha basi ni mita 900. Mita 300 za kwanza ni njia nyembamba ya mashambani, haina ukingo wa waenda kwa miguu wala taa, na ua wa miti umebana pande zote mbili. Mkata rufaa wa kawaida huandika kwamba kijiji kinafikika kwa miguu. Mkaguzi akifika, anaegesha gari, anatembea njia ile mwenyewe, lori la maziwa linampita, anajibanza kwenye ua wa miti. Huwezi kuifuta picha hiyo kwa maandishi. Aliyejiandaa angeshaipima njia hiyo na kuisema ilivyo, kisha angeonyesha kijia cha umma kinachokatiza shambani na kutokea nyuma ya kanisa, akaweka ratiba ya basi ya siku za kazi, akaonyesha kwamba mkazi atakwenda kwa gari umbali wa kilomita mbili na si kumi na mbili. NPPF yenyewe inakiri kwamba uwezekano wa kutumia usafiri usio wa gari hautalingana mjini na kijijini, na inasema nyumba za kijiji kimoja zinaweza kusaidia huduma za kijiji cha jirani. Mkaguzi yuko tayari kuikubali safari fupi ya gari. Asichokubali ni kuambiwa kwamba haitakuwapo.

Kwa nini nasisitiza ukweli huu? Kwa sababu mkaguzi anayekuta jambo moja limetiwa chumvi huanza kuyatilia shaka na yale mengine.

Kuna silaha nyingine ambayo wengi huitegemea kupita kiasi. Halmashauri isipoweza kuonyesha ardhi ya kutosha kwa nyumba za miaka mitano ijayo, au nyumba zilizokamilika miaka mitatu iliyopita zikiwa chini ya asilimia 75 ya zilizotakiwa, sera zake za kuzuia nyumba huhesabiwa kwamba zimepitwa na wakati. Hapo kibali kitolewe, inasema NPPF, ila madhara yakizidi faida kwa kiasi kikubwa na kwa namna inayothibitika. Watu wa fani huiita mizani iliyoinamishwa. Desemba 2024 serikali ilitoa toleo jipya la NPPF na kupandisha hesabu ya mahitaji hadi karibu nyumba 370,000 kwa mwaka, na halmashauri nyingi za vijijini zikajikuta hazina akiba ya miaka mitano. Fundi akisikia hivyo huona ameshashinda.

Hajashinda bado. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu Kabisa, katika shauri lililohusu pamoja na mengine nyumba 26 za kijiji cha Yoxford, Suffolk, ilieleza kwamba sera iliyopitwa na wakati haifutiki. Inabaki kwenye mizani na mkaguzi ndiye anayeamua uzito wake. Na toleo hilohilo la Desemba 2024, ambalo wajenzi walilishangilia, limemtaka mwamuzi aangalie kwa namna ya pekee sera za kuelekeza nyumba mahali panapofaa, kutumia ardhi vizuri, ubora wa majengo na nyumba za bei nafuu. Suala la mahali limerudi mezani likiwa limeandikwa wazi. Nyumba tatu zilizo kando ya njia ya giza, kilomita nane kutoka dukani, zinaweza kuangushwa hata mizani ikiwa imeinama upande wake.

Isitoshe, mizani yenyewe inaweza isiiname kabisa, na ndipo tunapofika kwenye ile sababu ya nne. NPPF ina orodha ya maeneo na rasilimali zenye ulinzi wa pekee: hifadhi za viumbe, maeneo ya kisayansi, Ukanda wa Kijani unaozuia miji kusambaa, hifadhi za taifa, mandhari za taifa, majengo ya kihistoria, maeneo ya mafuriko. Sera za ulinzi huo zikitoa sababu nzito ya kukataa, hutaifikia ile mizani.

Zinazoua rufaa ndogo nyingi katika orodha hiyo ni hifadhi za viumbe, hasa za majini. Nyumba mpya huongeza maji ya chooni na jikoni, na maji hayo hata yakisafishwa hubaki na nitrojeni na fosforasi, ambazo hulisha mwani mtoni hadi viumbe wengine wakose hewa. Baada ya hukumu ya mahakama ya Ulaya ya mwaka 2018 kuhusu nitrojeni nchini Uholanzi, shirika la serikali linaloshauri kuhusu mazingira, Natural England, lilianza kuzitaka halmashauri zisikubali nyumba zinazoongeza virutubishi hivyo kwenye maji yaliyohifadhiwa. Ilianza na mlango wa bahari wa Solent na Mto Lugg huko Herefordshire. Machi 2022 ushauri ukapanuliwa hadi ukagusa halmashauri 74, zikiwemo za bonde la Mto Wensum huko Norfolk. Kanuni za Uhifadhi wa Makazi ya Viumbe za 2017 zinamfunga mkaguzi mwenyewe. Yeye ndiye anayetakiwa kuridhika, pasipo shaka ya msingi ya kisayansi, kwamba eneo halitadhurika. Hatazami kwamba ni nyumba tatu tu, kwa maana kila nyumba iliyouchafua mto iliingia hivyohivyo, moja moja.

Dawa inajulikana. Hesabu ya virutubishi inafanywa na mtaalamu. Fidia inanunuliwa, kwa mfano kutoka kwa mwenye shamba aliyeacha kulima na kupanda miti au kutengeneza ardhi oevu. Halafu hati ya ahadi inaandikwa, inasainiwa na wote wenye haki kwenye kiwanja, ikiwemo benki inayokishikilia, na inafika kwa mkaguzi ndani ya muda uliowekwa. Ni hilo neno "inasainiwa" linalowashinda watu. Rasimu haihesabiki. Barua ya wakili kwamba hati iko njiani haihesabiki. Katika maamuzi ya namna hii utamwona mkaguzi akimpa mkata rufaa kila kitu kingine, muundo, mandhari, barabara, hata mahali, halafu aya mbili za mwisho zinakataa kwa sababu hati haikuwepo. Mambo ni hayohayo karibu na nyika za Thames Basin, msitu wa New Forest na pwani ya Suffolk, ambako kila nyumba mpya inadaiwa mchango kwa ajili ya msukumo wa watembezi na mbwa wao. Mchango huo ni sehemu ndogo mno ya gharama za ujenzi. Kuiangusha rufaa kwa kukosa karatasi hiyo ni uchungu usio na sababu.

Kalenda ina hila zake pia. Chukulia kwamba kwenye kiwanja kuna banda kuukuu, na banda lina popo. Popo wote Uingereza wanalindwa na sheria, na namna ya kujua wanaingia na kutoka wapi ni kukaa nje jioni na kuhesabu, kazi inayofanyika kuanzia Mei hadi Septemba. Ukikataliwa Oktoba kwa kukosa uchunguzi wa popo, miezi yako sita inakwisha Aprili, kabla msimu haujaanza. Rufaa yako haitakuwa na ushahidi hata ukiwa tayari kulipa mara tatu. Anayeliona hilo huacha rufaa ipite, hungoja Mei, huchunguza, na hupeleka ombi jipya mwishoni mwa kiangazi. Tangu tarehe 2 Aprili 2024 miradi midogo pia inatakiwa kuongeza uhai wa mimea na viumbe kwa asilimia 10, isipokuwa ile iliyosamehewa, na vipimo vya msingi vya hilo ni vya kupeleka pamoja na ombi.

Banda hilohilo, kwa upande mwingine, laweza kuwa mali. Tangu 2014 jengo la kilimo linaweza kugeuzwa nyumba bila ombi kamili la kibali, kwa kuomba ithibati ya halmashauri kuhusu mambo machache. Mei 2024 wigo ulipanuliwa hadi nyumba kumi, kila moja isizidi mita za mraba 150 na zote kwa pamoja zisizidi 1,000. Haki hii haitumiki ndani ya hifadhi za taifa wala mandhari za taifa, na tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya 2016 katika shauri la Hibbitt inajulikana kwamba kusimamisha kuta mpya kwenye nguzo za chuma zilizo wazi ni kujenga upya, hakuhesabiki kuwa ni kugeuza. Lakini banda lako likistahili, lipatie ithibati kwanza. Kisha omba nyumba unazozitaka kweli, mahali pa banda hilo.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilitetea njia hiyo katika shauri la Mansell, lililotoka Kent. Halmashauri ilikuwa imeruhusu nyumba nne badala ya banda na nyumba moja iliyokuwepo, jirani akapinga, akashindwa. Kinachotakiwa ni uwezekano wa kweli kwamba, kibali kikikosekana, mwenye ardhi atafanya lile ambalo ameshapata haki ya kulifanya. Tazama jinsi hoja hiyo inavyobadilisha hesabu. Magari yatakuwepo vyovyote vile, watu watakaa pale vyovyote vile. Kinachopimwa ni tofauti kati ya banda lililogeuzwa na nyumba zilizochorwa vizuri, na tofauti hiyo mara nyingi inaegemea upande wako. Sijui hoja inayopunguza madhara mengi kwa mpigo kama hii. Ila iletwe na ushahidi: ithibati yenyewe, michoro, makadirio ya fundi, barua inayoonyesha fedha zipo. Ukidai utaligeuza banda ambalo paa lake limeanguka na hujawahi hata kumwita mhandisi, mkaguzi ataona.

Kuhusu Ukanda wa Kijani nitasema machache, kwa kuwa unastahili safu yake. Ujenzi mdogo wa kujaza pengo ndani ya kijiji unaruhusiwa hata humo, na tangu shauri la Wood la 2015 mkaguzi anatakiwa kuamua kwa macho yake kama kiwanja kiko ndani ya kijiji. Mstari wa ramani haumfungi. Toleo la 2024 limeongeza ukanda wa kijivu, yaani ardhi ambayo haichangii kwa nguvu malengo makuu ya Ukanda huo. Masharti mazito ya nyumba za bei nafuu yaliyoambatanishwa na ardhi hiyo yanaihusu miradi mikubwa, ya nyumba kumi na kuendelea au ya kiwanja cha nusu hekta na zaidi. Mradi wa nyumba tisa kwenye kiwanja kidogo kuliko hapo hauguswi nayo, ila bado utatakiwa uwe mahali panapofaa.

Katika faida, mbili zinastahili kuandikwa kwa uzito. Ya kwanza ni kwamba NPPF inatambua viwanja vidogo hujengwa haraka. Halmashauri yenye upungufu leo inapata nyumba leo. Ya pili ni nyumba za kujijengea. Sheria ya 2015 iliyoanzisha daftari la watu wanaotaka viwanja vya kujijengea, pamoja na mabadiliko yake, inailazimisha halmashauri kutoa vibali vinavyotosheleza mahitaji ya daftari lake ndani ya miaka mitatu. Omba takwimu za daftari, linganisha na vibali, upungufu huonekana. Lakini hata faida hii huyeyuka pasipo hati inayofunga kwamba viwanja vitatumika hivyo. Mkaguzi hapimi nia.

Maelezo ya rufaa yenyewe yawe mafupi. Anza na sababu za kukataliwa, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule wa barua ya halmashauri, kwa kuwa ndizo zitakazokuwa hoja kuu katika uamuzi. Yale mliyokubaliana na halmashauri yaseme kwa sentensi moja. Ukitaja uamuzi wa rufaa nyingine, uwe wa kijiji hichohicho au wa sera ileile, na useme wapi mashauri hayo yanafanana na wapi yanatofautiana; mashauri yanayofanana yanastahili kuamuliwa kwa namna moja, na mkaguzi anayeachana na uamuzi wa mwenzake hutakiwa aeleze kwa nini. Acha malalamiko kuhusu afisa aliyechelewa kujibu barua pepe. Acha idadi ya majirani wanaokupinga. Jibu yale waliyoyasema kama yana msingi, kwa kuwa barua mia zinazorudia hoja moja ni hoja moja. Na usihifadhi ushahidi kwa ajili ya rufaa. Tangu 2009 rufaa za wanaoongeza vyumba kwenye nyumba zao huamuliwa kwa yale tu yaliyokuwa mbele ya halmashauri, na upepo unavuma kuelekea huko kwa rufaa nyingine pia. Uchunguzi wa barabara, wa popo na wa mandhari uwe kwenye ombi la kwanza.

Siku ya ukaguzi hairuhusiwi kujadili shauri. Mwenye kiwanja hufungua lango, mwakilishi wa halmashauri husimama kando, na mkaguzi mwenye viatu vya matope huzunguka na michoro mkononi. Unaweza kumwonyesha kitu kilichotajwa kwenye maandishi: ua wa miti utakaobaki, dirisha la jirani, mahali ambapo dereva anayetoka ataweza kuona barabara. Basi. Ndiyo sababu nashauri pembe za nyumba ziwekewe vigingi na utepe kabla hajafika, na nyasi za langoni zikatwe kwa upana ulioandikwa kwenye mchoro wa barabara. Mkaguzi hupenda kupima mwenyewe.

Uamuzi ukitoka, aliyeshindwa ana wiki sita za kwenda Mahakama Kuu, na mahakama haitazami kama mkaguzi alipima vyema. Inatazama kama alikosea sheria. Wengi hawafiki huko, na sioni ubaya. Barua iliyokataa rufaa huwa na thamani ambayo watu hawaichukui. Isome aya kwa aya na uweke alama kila mahali mkaguzi aliposema hakuna dhara: muundo unafaa, barabara ni salama, jirani hadhuriki. Halmashauri haiwezi kuyafufua hayo kirahisi kwenye ombi lijalo, na ikiyafufua bila sababu mpya inaweza kudaiwa gharama. Kilichobaki ni lile dhara moja au mawili aliyoyakuta, na hapo mwombaji anajua kwa hakika fedha zake zinazofuata ziende kwa nani: kwa mchoraji, kwa mtaalamu wa mto, au kwa wakili atakayeipeleka ile hati benki ikasainiwe.